Mkunga na Hodi ya Nne

Kwa miaka yote niliyoishi chini yake, sikupata kumsikia mkunga akiacha hodi ipite. Sisi wengine tuna ujanja wetu. Mtu akibisha mara ya kwanza tunatulia tuijue sauti. Mara ya pili tunatazamana. Mara ya tatu tunanyamaza kabisa, maana ruhusa tunayo: mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, arudi zake, na hapana wa kumlaumu mwenzake. Yeye ruhusa hiyo aliijua kuliko sisi, lakini hakupata kuitumia. Hodi ya kwanza haijesha mdomoni mwa mtu, utamsikia huko juu, "Karibu! Nnakuja!" na ndara zake zishaanza kushuka ngazi.

"Anayebisha hodi ana shida," alikuwa akiniambia. "Asiye na shida yuko kwao, kakaa."

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Hospitalini alistaafu, lakini mtaani hakustaafu. Buibui lake lilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, halikupata kuingia kabatini hata siku moja. Akiitwa, kabla ya kutoka alikuwa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anateremka ameiinua mbele yake, asishike kitu chochote, hata kamba ya ngazi. Mimi mtoto nilikuwa nakimbia kumfungulia mlango wa chini. Nilipokuwa mtu mzima nikaendelea kukimbia.

Nyumba yetu ni moja, ya mawe, katika vile vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo watalii hupita wakiwa wamepotea. Chini ni kwangu, juu ni kwake, na kuta ni zetu sote. Nasema "ni", lakini leo hii nikiandika haya, sebule yangu imesimamishwa kwa magogo, nami nimehamia chumba cha uani na cherehani yangu na kofia za watu ambazo hazijesha. Juu hakuna mtu. Nitafika huko, ingawa sina hamu ya kufika.

Majina hakuyashika. Watu aliwashika kwa walivyozaliwa. Siku moja tulikuwa Forodhani, tumekaa tunakula mihogo, akapita bwana mmoja mkubwa, suti imemkaa, nyuma yake wageni na wapambe. Mkunga akamnyooshea kidole.

"Weye si yule uliyekataa kulia?"

Bwana akasimama. Akamtazama yule bibi kizee mwenye pilipili kidoleni.

"Nimekuchapa matako mpaka mkono ukaniuma, ndo ukalia. Sasa unalia vizuri?"

Wapambe walitazama chini. Yule bwana, namsifu kwa hilo, aliinama akambusu mkono, akasema, "Shikamoo mama, nalia kila siku." Akaenda zake. Wengi walikuwa hivyo: wanambusu mkono, wanakwenda zao. Mimi alikuwa ananiambia nilitoka nimekunja ngumi, na kwamba mpaka leo sijazikunjua. Kweli. Mtu akiniudhi, nakuwa na maneno kabla sijawa na akili.

Yeye hakuwa mpole, asije mtu akadhani. Nimemwona kwa macho yangu akimtoa mwanamume chumbani kwa mwiko wa ubwabwa, kwa kuwa alisimama mlangoni anauliza kama ni wa kiume. Na sokoni Darajani wauza samaki walikuwa wakimwona wanajificha. Anashika changu, anamfungua mashavu, anamnusa, anamrudisha. "Huyu kafa kwa uzee," anasema, anaondoka. Muuzaji anamwita. Hageuki. Anamwita tena kwa bei nyengine. Hageuki. Mpaka muuzaji anamfuata na samaki mkononi, anamwomba kama aliyemkosea. Mimi nilijifunza kununua kwake, na mpaka leo muuza samaki hanipati.

Lakini mwanamke huyo huyo, ukimkuta nyumbani kwake ukabisha hodi, ukakaa kwenye mkeka wake, ukanywa maji yake, basi hana tena mdomo wa kukukatalia. Nilimuuliza kwa nini.

"Kule mie ndo mgeni, nnaondoka nnapotaka," akasema. "Hapa ntaondoka nende wapi?"

Sikuyatilia maanani. Niliona ni maneno ya mtu mwenye adabu za kizamani. Laiti ningeona vingine, lakini nani angeona? Mpaka akaja yule kijana.

Sitamtaja jina, na kampuni yake sijui kama ipo. Alikuwa na shati la pasi, begi la mgongoni lenye vipande vya alumini na vigae vya rangi, na simu asiyoiweka chini. Alikuja wakati mkunga anapakua, na baadaye nikaja kujua kwamba huo ndio wakati aliouchagua. Mimi nilikuwa juu nashona, maana kule kuna mwanga. Alikaribishwa, akanawa, akala. Alikula vizuri, nisimsengenye. Baada ya kula akayatazama yale madirisha ya mbao, akasikitika.

"Nyumba nzuri hii, Bibi. Ila madirisha haya yanakutia aibu."

"Ya zamani hayo, mwanangu. Yananitosha."

"Yanakutosha weye. Wageni wako je?" Akatoa simu. "Nna bei ya leo tu. Mpaka alasiri. Ikiadhiniwa, bei imeondoka, na mie siwezi kuirudisha." Akapiga simu mbele yetu. "Bosi, nakuomba. Huyu ni kama bibi yangu. Nshakula kwake. Mfanyie bei yake." Akanyamaza, akakunja uso, akaomba tena, sauti imemtoka kama anayetaka kulia. Mimi nilikaa karibu naye na nakwambia, upande wa pili hapakuwa na mtu. Kioo cha simu kilikuwa cheusi.

Nikamkonyeza mkunga. Akanitazama kama hanijui.

"Kijana wa watu anajidhalilisha kwa ajili yangu," akaninong'oneza. "Nimwambie nini?"

Madirisha ya mbao yaliondoka, ya alumini yakaingia. Yale ya zamani kijana aliyabeba mwenyewe, akasema anatuondoshea takataka. Wiki ile ile niliyaona yamesimama kwenye duka la vitu vya kale, yamepakwa mafuta, yanang'aa. Nilimwambia mkunga. Akasema, "Alhamdulillahi, yamepata pa kukaa." Nilitaka kujitupa ngazini.

Safari ya pili kijana alikuwa ameshamuulizia mtaani. Alibisha hodi, akapanda mbio, akapiga magoti mbele yake.

"Mama! Kumbe ni weye ulonipokea! Mamangu kanambia jana. Mie mwanao!"

Mkunga akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama sana. Nilisubiri amwambie alivyozaliwa, kama anavyowaambia wote. Hakumwambia kitu. Akampangusa vumbi begani, akasema, "Haya, mwanangu. Umekula?"

Tangu siku hiyo akawa anaitwa mama, na mimi nikawa na kazi. Nilitoa kiti changu nikakiweka ndani ya mlango wa chini, nikawa nashona hapo gizani, macho yanatoka machozi. Akija nasema hayupo. Lakini huyu kijana hakuwa na hodi tatu kama watu. Alikuwa na ya nne. Anabisha tatu, ananyamaza mpaka udhani kaenda, kisha anabisha ya nne, polepole, kama anayekujua umo ndani umejificha. Na ya nne ndiyo ilikuwa inampata mkunga popote alipo.

"Hodi."

"Hayupo!" nasema mimi.

"Nipo!" inatoka sauti juu. "Karibu, nnakuja!"

Nilikasirika nikapanda. "Bi Mkunga, mie nnakufichia, weye unajitoa!"

"Kwani mie mwizi, nifichwe?" akasema. "Mwache. Anatafuta riziki. Mkewe ana mimba."

Ukuta ndio uliotumaliza. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa nyumba hizi, na kitu kimoja alinifundisha hata nisipotaka: kuta zetu ni mawe na chokaa, wakati wa masika zinakunywa maji, jua likitoka zinayatoa. Zinafanya madoa, zinamwaga unga, ukipita zinakuchafua bega. Unapaka chokaa, maisha yanaendelea. Hivyo ndivyo zilivyosimama tangu kabla hatujazaliwa. Mkunga alilijua hilo kuliko mimi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikuwa tukipaka pamoja, kanga tumejifunga kichwani, tukitoka weupe kama mizuka.

Kijana alikuja na bisibisi. Akaisukuma kwenye doa, chokaa ikamwagika sakafuni, akaisukuma tena, ikamwagika zaidi. Tundu likafika kiasi cha sahani.

"Unaona, mama? Nyumba inakuangukia hii. Na huyu jirani yako hapo chini itamwangukia yeye kwanza." Akaninyooshea bisibisi. "Wallahi mie siwezi kulala nikijua mamangu analala humu."

Nikamwambia, "Tundu umelitoboa weye sasa hivi!"

"Nimelionesha tu, Bi. Lilikuwemo."

Mkunga hakusema ndiyo. Naapa hakusema. Alisema atafikiri. Lakini asubuhi yake nilisikia vishindo, nikapanda, nikakuta mafundi wawili na jukwaa la kupandia, wameshabandua chokaa ya ukuta mzima wa upande wa mvua. Mawe yako wazi, na mawingu ya masika yameshatanda. Mkunga yumo jikoni anachemsha chai.

"Umewaambia waje?"

"Sikuwambia."

"Basi waondoe!"

"Watakwendaje na ukuta uko tupu? Na wao wamekuja hawajala." Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyepotea sokoni, yeye, aliyemtoa mwanamume kwa mwiko. "Mvua inakuja, mwanangu. Nifanye nini?"

Nililia pale pale, kwa hasira. Ukuta ulikuwa tupu na mvua ilikuwa inakuja, na kijana alikuwa amekwishakaa mkekani anapiga simu yake nyeusi. Mikufu ambayo mkunga aliivaa siku ya harusi yake iliuzwa wiki hiyo. Ukuta ukapigwa saruji, na juu ya saruji ukapakwa dawa ya kuzuia maji, ukawa laini, mweupe, unateleza. Watu walipanda kuutazama. Kijana alileta wateja wengine wauone, na mkunga akawapikia wote.

Mwaka wa kwanza hakuna doa. Mkunga alinicheka. "Na marehemu mumeo je, na chokaa yake?" Mwaka wa pili ukuta ukafanya tumbo. Maji yalikuwa yakiingia kwa juu kama siku zote, na safari hii hayana pa kutokea. Yakakaa mle ndani, yakala chokaa, yakala ncha za boriti zinazobeba sakafu yake na dari yangu. Ukigonga unasikia utupu. Nyufa zikaja, na kitandani mwangu ukawa unamwagika mchanga.

Alipoitwa, kijana alikuja. Nilidhani atakuja na uso wa aibu. Alikuja na dawa nyengine, bora zaidi, ya bei ya leo tu. Na ukapakwa tena ukuta ule, kama mgonjwa kunyweshwa kilichompa ugonjwa. Nilimshika kijana shati ngazini mpaka kifungo kikabaki mkononi mwangu. Mkunga akatoka juu.

"Mwachie mwanangu!" akanipigia kelele.

"Na mie je?" nikamwambia. "Mie nani wako?"

Aligeuka akaingia ndani. Ilituchukua siku nyingi kusemezana tena.

Ukuta ulianguka alasiri moja, mimi niko uani nachambua mchele. Haukuanguka wote, ulifunguka katikati, mawe yakateremka na vumbi likajaa mpaka sikuona mikono yangu. Nilipanda nikiita. Nilimkuta amekaa kwenye mswala, hana hata mkwaruzo, na mbele yake mahali pa ukuta pana mbingu na paa za watu. Akasema taratibu kabisa, "Nilisikia kama mtu anabisha."

Mpwa wake akaja kumchukua, akampeleka kwake, mtaa wa Amani.

Huko nimekwenda mara nyingi. Ni nyumba ya matofali, mlango wake uko chini, unatazama barabara ya vumbi, na amepewa chumba kizuri. Hakuna anayebisha hodi pale. Watoto wanaingia wakitoka, mke wa mpwa anapokea wageni wake mwenyewe. Buibui lake wamelikunja wakalitia kabatini. Kila nikienda ananiuliza ngazi zikoje, kama paka wa jirani bado anapanda, kama nimefagia. Namwambia nimefagia. Kila mara ananiuliza lini anarudi, na kila mara nilisema Mungu ndiye ajuaye, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kusema zaidi.

Mara ya mwisho tulikuwa peke yetu, wenye nyumba wamekwenda harusini. Alinikamata mkono.

"Kaja tena," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Kaja na machungwa. Anasema wataitia nyumba nguzo za chuma, ntarudi kabla ya Ramadhani. Kijishamba changu cha mikarafuu, kile cha njia ya Kizimbani, kikiuzwa kinatosha. Mnunuzi kampata yeye mwenyewe. Leo anakuja na karatasi." Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. "Unasemaje? Tutapaka chokaa pamoja."

Nilitafuta njia ya kulisema kwa upole sikuiona. Nikamwambia yote. Kwamba mafundi wa nyumba za zamani walikuja, wakapanda, wakateremka wakitikisa vichwa. Kwamba juu kote kutavunjwa jiwe moja moja kabla hakujaniangukia mimi. Kwamba hapana chuma kitakachosimama juu ya boriti zilizooza, na shamba likiondoka hana tena kitu duniani. Kwamba hatarudi, si Ramadhani hii wala nyengine.

Akauachia mkono wangu.

"Basi mwambie weye," akasema.

"Nshamwambia mara ngapi? Mie hanisikii. Lazima akatazwe na weye."

"Siwezi, mwanangu. Ningelikutana naye njiani ningeweza. Akishabisha hodi, siwezi."

"Basi usimkataze. Nyamaza tu. Akibisha mara tatu usimwitikie, ataondoka. Una ruhusa."

Hatukungoja sana. Nikasikia pikipiki imesimama, nikaijua sauti kabla haijasema. Nilikuwa nimeshatia komeo.

"Hodi!"

Mwili wake wote ulinyanyuka. Nikamshika mikono yote miwili, na mdomo wake ukafunguka, ukabaki wazi bila ya sauti.

"Hodi wenyewe! Mama, ni mie mwanao!"

Akafumba macho. Machozi yakamteremka kwenye mikunjo ya uso. Alinibana vidole mpaka pete yangu ikaniingia, na sikuthubutu kuvuta mkono.

"Hodi."

Ya tatu ilikuwa ya sauti ndogo. Hakuitikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote mkunga aliiacha hodi ipite, na nilimwona inavyomtoka, kama mtu anayeng'olewa jino kwa mkono. Nje kukawa kimya. Nilimbusu kichwa, nikamwambia, "Umeweza, Bi Mkunga. Umeweza."

Hakuwa ananisikia. Alikuwa amegeuza sikio mlangoni.

"Ile ya tatu umeisikia?" akauliza.

"Nimeisikia. Imeshapita."

"Haikuwa ya biashara ile. Ile sauti ya mtu mwenye shida." Akaanza kuinuka. "Mkewe mimba ya pili hii, miezi yake inatimia sasa. Na kama ni uchungu? Na kama kaja kunichukua, mie nimo ndani nimenyamaza?"

"Si uchungu. Ni karatasi."

"Weye unajuaje?"

Sikujua. Nilikwenda kufungua mlango ili aone mwenyewe. Kijana hayupo. Barabarani watoto walikuwa wanacheza mpira, na vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua. Niliporudi ndani alikuwa ameshafungua kabati, ametoa buibui, amelivaa juu ya kanga zake.

"Niletee maji ninawe," akasema.

Nilimletea. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono ameiinua mbele yake, inachuruzika, asishike kitu chochote, akiisubiri hodi ya nne.